Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyezikwa na siri ya hadubini zake

MNAMO Agosti 26, 1723, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mzee mmoja wa umri wa miaka 90 aliaga dunia. Majirani walimfahamu kama muuza vitambaa aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi pia alikuwa mtunzaji wa ukumbi wa mahakimu wa mji huo na mkaguzi wa mapipa ya mvinyo.

Nje ya Delft, hata hivyo, jina la Antonie van Leeuwenhoek lilikuwa limevuma katika majumba ya wafalme na vikao vya wataalamu. Ndiye binadamu wa kwanza kuona bakteria na kuviandikia habari viumbe hivyo. Alifanya hivyo kwa vifaa alivyovitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na namna alivyovitengeneza vile vilivyokuwa bora kabisa hakumwambia mtu yeyote hadi alipoingia kaburini.

Leeuwenhoek alizaliwa Delft Oktoba 24, 1632. Babake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu, naye mamake, Margaretha, alitoka katika ukoo wa watengenezaji bia. Siku chache tu baada ya kuzaliwa kwake, katika mji huo huo, alibatizwa mtoto mwingine aliyekuja kuwa maarufu ulimwenguni, mchoraji Johannes Vermeer.

Antonie hakuwa ametimiza miaka sita babake alipofariki. Mamake aliolewa tena na mchoraji, na kijana akapelekwa shule katika mji wa Warmond, kisha akaishi kwa muda na mjomba wake huko Benthuizen. Hakufika chuo kikuu. Kilatini, lugha ambayo wasomi wote wa Ulaya waliitumia siku hizo, hakukijua, na maisha yake yote hakuandika kwa lugha nyingine ila Kiholanzi.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 baba yake wa kambo pia alikufa, na kijana akatumwa Amsterdam kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa la mfanyabiashara mmoja Mskoti. Huko ndiko alikojifunza kutunza hesabu, na huko vilevile ndiko inakodhaniwa alishika kioo cha kukuza kwa mara ya kwanza. Wauza vitambaa wa wakati huo walikuwa na desturi ya kuchunguza kitambaa kwa kioo kidogo ili kuhesabu nyuzi na kutambua kama kimefumwa barabara au ni cha kulaghai mnunuzi.

Mwaka 1654 alirejea Delft, akamuoa Barbara de Mey, akanunua nyumba na kufungua duka lake mwenyewe. Mola aliwajalia watoto watano lakini wanne kati yao walikufa wakiwa wachanga. Aliyesalia ni Maria pekee, aliyezaliwa mwaka 1656. Barbara naye alifariki mwaka 1666. Leeuwenhoek alioa tena mwaka 1671, lakini mke huyo wa pili, Cornelia, alimtangulia kaburini mwaka 1694. Maria hakuolewa. Alikaa na babake hadi mwisho, na bila shaka ni yeye aliyebeba mzigo wa nyumba huku mzee akiwa amejifungia na vioo vyake.

Kazi ya baraza la mji aliyopewa mwaka 1660 ilimhakikishia mshahara. Mwaka 1669 alifuzu kuwa soroveya, na mwaka 1676 mji ulimteua kusimamia mali ya Vermeer, aliyekuwa ameaga dunia na kumwachia mjane wake madeni na watoto wengi. Huyu basi hakuwa maskini wala mtu wa pembeni. Alikuwa raia wa kuheshimika, mwenye hesabu kali na muda wa kutosha.

Hadubini haikuwa jambo geni alipoanza kuishughulikia. Mafundi wa vioo nchini Uholanzi walikuwa wamekwisha kuunganisha lenzi mbili ndani ya neli tangu mwanzoni mwa karne hiyo ya 17. Huko London, Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1665 kitabu chake mashuhuri, Micrographia, chenye michoro mikubwa ya kiroboto na chawa iliyowaduwaza wasomaji.

Lakini hadubini hizo za lenzi mbili zilikuwa na ila kubwa. Kila lenzi iliongeza makosa ya mwenzake, mwanga ukatawanyika katika rangi za upinde wa mvua, na kadiri kitu kilivyokuzwa ndivyo kilivyozidi kuwa na ukungu. Nyingi zilikuza vyema kwa kiasi cha mara 20 au 30, na zaidi ya hapo mtazamaji alibaki kukisia.

Leeuwenhoek alishika njia tofauti kabisa. Alitumia lenzi moja tu, ndogo mno, nyingine zikiwa hazizidi ukubwa wa punje ya mtama. Alichukua vibamba viwili vyembamba vya shaba au fedha, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita nne na nusu hivi, akatoboa tundu dogo katika kila kibamba, akaipachika lenzi kati ya matundu hayo na kuvibana vibamba pamoja. Kwa upande mmoja aliweka sindano ya kuchomekea kitu cha kutazamwa, na skrubu za kukisogeza juu, chini, karibu au mbali.

Kifaa kizima kilitosha kiganjani. Mtazamaji alikiinua hadi kikakaribia kugusa mboni ya jicho, akaelekea dirishani penye mwanga, na akakaza macho kwa subira. Haikuwa kazi rahisi. Hooke mwenyewe alikuwa ameeleza katika kitabu chake jinsi ya kupata vilenzi vya aina hiyo kwa kuyeyusha uzi wa kioo hadi ncha yake ijikunje iwe kama shanga, lakini akaviacha kwa kuwa viliyachosha macho yake. Muuza vitambaa wa Delft hakuchoka.

Aliyemtambulisha kwa ulimwengu ni daktari wa mji huo huo, Regnier de Graaf. Mnamo Aprili 1673 de Graaf alimwandikia katibu wa chama cha wanasayansi cha Royal Society mjini London, Henry Oldenburg, akimjulisha kwamba Delft kulikuwa na mtu anayetengeneza hadubini zinazozishinda zote zilizokuwa zikijulikana. Pamoja na barua hiyo alituma maelezo ya Leeuwenhoek kuhusu kuvu, mwiba wa nyuki na chawa. Uingereza na Uholanzi zilikuwa vitani wakati huo, lakini barua ilifika na kuchapishwa. De Graaf alikufa miezi michache baadaye, akiwa kijana wa miaka 32, bila ya kujua ni mlango gani alioufungua.

Kutoka hapo Leeuwenhoek aliandika barua kwa miaka 50, takriban 190 kati ya hizo zikiwa za Royal Society pekee. Hakuandika kitabu hata kimoja kwa mpango wa kitabu. Barua zake zilikuwa kama mazungumzo ya barazani. Aliruka kutoka mada hadi mada, akataja alichokula, hali ya hewa, na jirani aliyempigia hodi. London zilitafsiriwa kwa Kiingereza au Kilatini. Kwa kuwa hakujua kuchora vizuri, alimwajiri mchoraji wa kuchora alichokionyesha kupitia lenzi.

Mwaka 1674 alichunguza chembe nyekundu za damu na kuzieleza kwa usahihi ambao hakuna aliyemtangulia kuufikia. Kila mgonjwa anayedungwa kidole katika zahanati ili damu yake itazamwe kama ina malaria anapitia kipimo kinachoanzia kwenye chembe hizo hizo, maana ndani yake ndimo vimelea vya malaria hujificha. Mwaka huo huo alichota maji ya ziwa moja karibu na Delft, yaliyokuwa yakigeuka kijani kila kiangazi. Ndani yake aliona nyuzi za kijani zilizojipinda na, kati yake, viumbe vidogo vikienda huku na huko.

Ugunduzi mkubwa zaidi ulitokana na pilipili manga. Delft ilikuwa mojawapo ya miji sita yenye ofisi za kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, na viungo vilikuwa bidhaa ya kawaida sokoni. Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili huwasha ulimi. Alishuku kwamba huenda ilikuwa na vijichembe vyenye ncha kali. Katika mwaka wa 1676 aliiloweka ndani ya maji, akaiacha kwa majuma matatu, kisha akalitazama tone.

Ncha kali hakuziona. Badala yake aliona maji yamejaa viumbe hai, vya aina kadhaa, na vingine vidogo kupita vyote alivyowahi kuviona. Kwa hesabu ya soroveya, alikadiria kwamba viumbe 100 vya aina iliyo ndogo kabisa vikipangwa kwa mstari havingefikia upana wa punje moja ya mchanga mkubwa, na kwa hiyo milioni moja yavyo havingejaza ukubwa wa punje hiyo. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba hao walikuwa bakteria. Habari hizo alizituma London katika barua ndefu ya Oktoba 9, 1676.

Hapo ndipo heshima yake ilipowekwa kwenye mizani. Wanachama wa Royal Society waliisoma barua kwa mshangao na shaka. Nani angeamini kwamba tone la maji lina wakazi wengi kuliko nchi nzima? Tena aliyedai hayo hakuwa msomi, na alipoombwa aeleze namna ya kutengeneza lenzi zake, alikataa.

Leeuwenhoek alijibu jinsi mfanyabiashara anavyojibu anapotiliwa shaka: alileta mashahidi. Mwaka 1677 alituma hati za watu wanane wenye kuaminika, wakiwemo wachungaji wa kanisa na mthibitishaji wa nyaraka, ambao waliangalia kupitia vifaa vyake na kutia sahihi kwamba waliviona viumbe hivyo. Katika chama cha wataalamu, ushahidi wa wachungaji hautoshi, na ni sawa usitoshe. Ilibidi Hooke mwenyewe arudie jaribio. Alishindwa mwanzoni, akatengeneza vifaa bora zaidi, na mnamo Novemba 1677 akafaulu kuwaonyesha wanachama waliokusanyika kwamba yule Mholanzi alisema kweli.

Mwaka 1680 Leeuwenhoek alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Society. Kwa mtu asiyekuwa na shahada wala Kilatini, hiyo ilikuwa heshima ambayo hakuacha kujivunia. Hata hivyo, hakuwahi kwenda London kuketi katika mkutano wao hata mara moja.

Udadisi wake haukuwa na mipaka, wala haya. Mwaka 1677, baada ya mwanafunzi mmoja wa udaktari kumletea sampuli, alieleza mbegu za kiume zilizomo ndani ya manii, na akawahakikishia wakubwa wa London kwamba manii aliyoyachunguza mwenyewe yalitokana na ndoa halali. Alichunguza choo chake alipokuwa akiharisha mwaka 1681, akaona kimelea ambacho leo hutambuliwa kama jiadia. Mwaka 1683 aliukwangua ukoga kutoka katika meno yake, ambayo aliyasugua kwa chumvi kila siku, akakuta umejaa viumbe. Kisha akatafuta mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani mwake, akachukua wa kwake pia. Mtu anaweza kukisia alichokiona humo.

Baadaye aligundua kwamba viumbe hao hawakuwa hai katika meno ya mbele baada ya yeye kunywa kahawa ya moto, na akahitimisha kuwa joto ndilo lililowaua. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye fikra ya kwamba viumbe kama hivyo huleta magonjwa na vinaweza kuuawa. Hatua hiyo hakuipiga. Ilingoja karibu miaka 200, hadi wakati wa Louis Pasteur na Robert Koch.

Si kwamba hakukosea. Aliposhika kwamba mbegu ya kiume ndiyo chanzo pekee cha mtoto, na kwamba mama ni udongo wa kuistawisha tu, aling'ang'ania kosa hilo hadi uzeeni na kuwadhihaki waliotetea yai la mwanamke, akiwemo marehemu de Graaf aliyemfungulia njia. Kwa upande mwingine, aliipinga kwa ushahidi imani iliyokuwa imeenea kwamba viroboto huzaliwa na vumbi na fukusi hutokana na nafaka iliyooza. Alionyesha mayai yao, viluwiluwi vyao na jinsi wanavyopandana.

Mwaka 1688 alitazama mkia wa kiluwiluwi cha chura na akaona damu ikitoka kwenye mishipa inayoipeleka mbali na moyo, ikapita katika vishipa vyembamba mno, na kuingia katika mishipa inayoirudisha. Mwitaliano Marcello Malpighi alikuwa amekwisha kuviona vishipa hivyo katika pafu la chura mwaka 1661, lakini maelezo ya Leeuwenhoek yalikuwa ya kina ajabu. Alitengeneza kifaa maalumu cha kumshikilia samaki aina ya mkunga ndani ya neli ya kioo ili wageni nao waone.

Miongoni mwa wageni hao alikuwemo Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, aliyepita Delft mwaka 1698. Mfalme huyo, aliyependa ufundi kuliko karamu, alimwita mzee mashuani mwake kwenye mfereji, na akaonyeshwa damu ikizunguka katika mkia wa mkunga.

Wageni walizidi kiasi cha kumkera. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walionyeshwa vifaa vya kawaida tu. Hadubini zake bora alizificha kwa matumizi yake mwenyewe, na hakuficha kwamba anazificha. Mwanafalsafa wa Kijerumani Gottfried Leibniz alimshauri afundishe vijana ufundi wa lenzi ili kazi isife naye. Mzee alikataa, akidai kwamba wengi husoma ili wapate fedha au sifa, na kwamba si mmoja katika elfu aliye na subira ya kazi hiyo. Huenda alikuwa na haki kuhusu subira. Lakini ni vigumu kutomlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe alifika alikofika kwa kuwa wengine, Hooke miongoni mwao, hawakuficha walichokijua.

Madhara yalionekana hata angali hai. Hooke alilalamika katika miaka ya 1690 kwamba utafiti wa hadubini ulikuwa umebaki mikononi mwa mtu mmoja tu, yule wa Delft. Alipokufa, hapakuwa na mrithi. Bakteria walisahaulika karibu kabisa, na ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 1830, Mwingereza Joseph Jackson Lister alipoeleza namna ya kuunganisha lenzi kadhaa bila ya ukungu ule wa rangi, ndipo hadubini za neli ziliposhika nafasi yake.

Katika miaka yake ya mwisho mwili ulimdhoofika, si akili. Alipatwa na mtukutiko wa misuli iliyo chini ya mapafu, akauchunguza na kuueleza kwa Royal Society kana kwamba unampata mtu mwingine. Akiwa kitandani, alimwomba rafiki yake, Jan Hoogvliet, atafsiri barua zake mbili kwa Kilatini na kuzipeleka London. Alizikwa katika Kanisa la Kale la Delft, ambako Maria alimjengea mnara wa kumbukumbu.

Baada ya mazishi, Maria alitekeleza wosia na kutuma London kabati dogo lenye hadubini 26 za fedha, kila moja ikiwa na kitu cha kutazamwa kilichobandikwa tayari. Mwaka 1740 Henry Baker alizipima na hakupata hata moja iliyokuza zaidi ya mara 160. Zawadi ilikuwa nono, lakini mzee hakuwa ametoa kilicho bora.

Lililofuata ni aibu. Kabati hilo lilipotea katika karne ya 19, baada ya kuazimwa na mwanachama mmoja, daktari Everard Home, na halijaonekana tena. Mamia ya hadubini zilizobaki Delft zilipigwa mnada mwaka 1747, miaka miwili baada ya kifo cha Maria, zikatawanyika. Kati ya zaidi ya 500 ambazo inakadiriwa alizitengeneza, zinazojulikana leo ni kumi na kitu tu. Iliyo na nguvu kuliko zote imo katika jumba la makumbusho la Utrecht, nayo hukuza kitu kwa takriban mara 270.

Mwaka 1981 mtafiti Mwingereza Brian Ford alifungua barua za Leeuwenhoek katika hifadhi ya Royal Society na kukuta vifurushi vidogo vya karatasi ambavyo havikuwa vimeshughulikiwa kwa zaidi ya miaka 300. Ndani mlikuwa na vipande vya gome na vya kiini cha mti, vilivyokatwa kwa wembe vikawa vyembamba kiasi cha kupenyeza mwanga, pamoja na vipande vikavu vya neva ya jicho la ng'ombe.

Siri ya lenzi ilisalia. Wengi waliamini kwamba alikuwa na mbinu ambayo haikuwahi kujulikana na mtu mwingine. Kuzivunja hadubini zilizobaki ili kuichungulia lenzi halikuwa jambo la kufikiriwa, kwani nyuma ya vibamba vya shaba huonekana nukta ndogo tu ya kioo.

Hatimaye watafiti wa Uholanzi walitumia miale ya nyutroni, ambayo hupenya shaba bila ya kuidhuru, wakapata picha za ndani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Hadubini moja, isiyo na nguvu nyingi, ilikuwa na lenzi iliyosuguliwa kwa mkono kama mafundi wa miwani walivyofanya. Lakini ile ya Utrecht ilikuwa na kijitufe cha kioo kilichoyeyushwa, na juu yake bado kulikuwa na alama ya mahali kilipokatwa kutoka kwenye uzi wake. Ilikuwa ni njia ile ile, au inayokaribiana nayo sana, ambayo Robert Hooke aliichapisha waziwazi katika kitabu chake mwaka 1665, kila mwenye macho aisome.